Bunduki Ikikatala, Tuulize Nani Kwanza?

Nilipoombwa kutoa mchango wangu juu ya mila ya uwindaji, rafiki zangu walifikiri nitaandika juu ya wavu, mkuki na mbwa wenye kengele za mti shingoni. Hayo wazee wanayajua kunipita mimi, mtu wa chaki. Mimi nitaandika juu ya jambo dogo. Mwindaji amewavizia kanga tangu asubuhi. Amelenga vizuri, amevuta gashete, na bunduki imelia «ka!», basi. Hakuna moto, hakuna moshi. Kanga wanakimbia, wengine wanaruka, na mtu anabaki na chuma mkononi. Anarudi kijijini bila nyama lakini na ulizo kichwani. Ulizo lile ndilo nataka tuliangalie, maana kwetu limevunja nyumba nyingi.

Wale wenye kuishi mjini watacheka: bunduki ikikatala, si upeleke kwa fundi? Ndiyo. Lakini katika vijiji vyetu vya kusini ya Maniema, pande za Kasongo, neno la kwanza si «imeharibika». Neno la kwanza ni «imefungwa». Na kama imefungwa, yuko mtu aliyeifunga.

Tukumbuke kwanza kama bunduki si kitu cha mababu. Ilitufikia na misafara ya watu wa pwani, wakati wa Tippu Tip, wakati Kasongo na Nyangwe zilikuwa miji mikubwa ya biashara ya pembe na ya watumwa. Ndiyo sababu maneno yake tunayatumia mpaka leo jinsi walivyotuletea: bunduki, baruti, fataki, gobori. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukakataza kuleta silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za zamani za jiwe la moto ndizo ziliruhusiwa, nazo kwa masharti. Mwaka 1893 majeshi ya Leopold yakakamata Nyangwe, kisha Kasongo. Yaani bunduki kwetu ina miaka mia moja na hamsini, pengine zaidi kidogo. Wavu na mkuki vina umri usiohesabika.

Lakini angalieni tulichofanya. Tuliipokea bunduki, tukaiweka chini ya sheria za wavu. Mwindaji wa wavu hakutoka na ugomvi nyumbani. Mwindaji wa wavu aliogopa macho ya fulani, au mimba ya bibi yake, au neno baya lililosemwa asubuhi. Basi na mwenye kaliba 12 naye akaogopa vilevile. Sisemi ni vibaya. Ninasema tu kama chombo kilibadilika na maulizo hayakubadilika.

Sasa niseme habari yangu, maana siandiki kwa kusikia.

Mwaka 1992 nilikuwa na miaka 12. Niliishi kwa mjomba wangu juu ya masomo, kwani kwetu hakukuwa na kelasi ya sita. Mjomba alikuwa na bunduki ya mtutu mmoja, ile ya kukunja katikati, yenye nyundo nje. Ilikuwa mali yake kubwa kupita kinga. Kanga walikuwa wengi katika majani upande wa mashamba ya mihogo, na kanga mmoja ni nyama ya kuheshimu mgeni. Alikuwa mpigaji mzuri. Tena alikuwa na desturi ya kuuza nyama njiani kabla haijafika nyumbani, na feza kuishia kwenye lotoko. Bibi yake, niliyemwita mama, alikuwa na mimba ya kwanza.

Asubuhi moja walibishana. Mama alisema: «Kila siku unaua, sisi tunakula sombe. Basi leo hutaua kitu!» Mjomba akatoka amenuna, mimi nyuma yake na mfuko. Tulikuta kanga pengine kumi na tano wakichokora udongo. Mjomba akapiga magoti, akalenga, akavuta. Ka! Akafungua bunduki papo hapo, akatoa kartushi, akatia ingine. Kanga walikuwa wamekimbia lakini hawajapotea. Ka! tena. Akaniangalia. Hakuniuliza neno. Akasema peke yake: «Nimejua.»

Siku ile ile mama alifukuzwa. Hakupigwa sana, niseme ukweli, lakini alifukuzwa mbele ya watu, na neno la ulozi likasemwa kwa sauti. Nani angemtetea? Alisema asubuhi «hutaua kitu», na kweli hakuua kitu. Ushahidi gani unapita ule? Wazee walikaa, wakamwuliza. Akajibu: «Mimi nilisema juu ya njaa. Siko na dawa ya kufunga chuma.» Hawakuridhika. Akarudi kwao na mimba yake, na maneno ya mbuzi za mahari yakaendelea mwaka mzima.

Nyuma ya majuma mawili, mwindaji wa kijiji cha jirani alipita. Alikuwa na kaliba 12 vilevile. Mjomba alimwonyesha zile kartushi mbili zilizokatala. Yule bwana aliziangalia sana upande wa nyuma, akatia moja katika bunduki yake, akalenga kichuguu, akafyatua. Ikalia. Ya pili, ikalia. Baadaye fundi alifungua bunduki ya mjomba, akatoa ule msumari mdogo wa kugonga, ule mafundi wanaita perkiteri. Ncha yake ilikuwa imevunjika.

Hapa ningependa kusema: basi mjomba akaelewa, akaenda kumrudisha bibi yake. Sivyo ilivyokuwa. Mjomba alishika kile kichuma, akakigeuza, akasema: «Sawa, kimevunjika. Lakini nani amekivunjisha, siku ile ile ya maneno yake?»

Wanafunzi wangu wa tano ya sekondari, nikiwaambia jibu lile, wanacheka. Mimi nimekwisha acha kucheka. Mjomba hakuwa mjinga, na ulizo lake linajulikana katika vitabu. Mwingereza Evans-Pritchard aliandika mwaka 1937 juu ya Wazande, ndugu zetu wa Uele, walio pia Sudan Kusini na Afrika ya Kati. Anaeleza juu ya ghala la chakula lililoanguka juu ya watu waliokaa chini yake kwa kivuli. Wazande wanajua vizuri kama mchwa ulikula nguzo. Hawana shaka juu ya mchwa. Ulizo lao ni lingine: kwa nini lilianguka saa ile, na kwa nini juu ya watu wale? Hapo wanataja ulozi, na wanauita «mkuki wa pili». Ni neno la wawindaji: mtu wa kwanza amechoma nyama, wa pili amemsaidia kuimaliza. Mchwa ni mkuki wa kwanza, ulozi ni wa pili. Kumbe mjomba alisema vilevile: perkiteri iliyovunjika ni mkuki wa kwanza, na bibi yangu ni wa pili.

Kwa hiyo wale wenzetu wanaofikiri elimu ya vyuma itamaliza maneno haya wanajidanganya. Fundi anajibu «namna gani». Mjomba anauliza «kwa nini mimi, kwa nini leo». Ukimpa jibu la kwanza, hujagusa la pili. Nami sitaki kumkatalia mtu ulizo la pili. Mwenye kupoteza mtoto analiuliza hata kama daktari amemwonyesha jina la ugonjwa. Hata mwenye diploma analiuliza, usiku, kimya kimya.

Lakini angalieni jinsi kartushi yenyewe inavyosema. Nilijifunza baadaye, kwa kuuliza mafundi na kwa kusoma. Nyuma ya kartushi, katikati, kuna kile kifuniko kidogo cha shaba, amorsi. Ndani yake kuna dawa inayowaka ikipondwa. Nyundo inapiga perkiteri, perkiteri inaponda amorsi, cheche inapita kwenye tundu na kuwasha baruti, na hewa ya moto inasukuma chembe za risasi. Ni mnyororo wa vitu vichache. (Na ile 12, kwa wenye kupenda hesabu: ukichukua libra moja ya risasi na kuigawa katika mipira 12 iliyo sawa, kila mmoja una upana wa mtutu, karibu milimita 18 na nusu.) Basi bunduki ikikatala, angalia alama kwenye amorsi. Kama hakuna alama kabisa, perkiteri haikufika. Kama alama ni ndogo, haina kina, basi perkiteri imevunjika au imeisha, ama resori imechoka, ama mafuta na vumbi vimegandamana ndani, ama bunduki haikufungwa mpaka mwisho. Kama alama ni nzuri, yenye kina, katikati, na bado haikuwaka, basi kosa ni la kartushi: imelala mahali pa maji, au imezeeka. Ni kama kopi ya mwanafunzi. Kosa limeandikwa pale, kwa mwenye kusoma. Yule jirani aliposhika kartushi za mjomba alisoma kwanza, kisha akahakikisha kwa kuzitia katika bunduki ingine. Hakumwuliza mtu yeyote «ulisema nini asubuhi».

Niongeze jambo moja ambalo si falsafa. Mjomba alifungua bunduki papo hapo. Hiyo ni hatari kubwa. Kuna kartushi inayokatala na kuna inayokawia. Ya kukawia inaweza kulia nyuma ya muda kidogo, na kama umekwisha kufungua bunduki, inalia usoni pako. Uache mtutu umeelekea mahali pasipo mtu, uhesabu hata 30 polepole, ndipo ufungue. Na kama imelia kwa sauti ndogo isiyo ya kawaida, usitie ingine mpaka umechungulia mtutu, kama kitu hakikubaki ndani. Nawaambia vijana hata kama sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 inawataka kuwa na ruhusa ambayo wengi wao hawana.

Turudi kwa mama.

Bado sijasema yale yaliyonifanya nikubali kuandika. Mimi ndimi niliyevunja perkiteri. Siku mbili kabla ya mawindo, mjomba alikuwa sokoni. Nilichukua bunduki nyuma ya jikoni, nikacheza askari. Nilivuta nyundo, nikafyatua, bila kartushi. Nikavuta tena. Mara ishirini, mara arobaini, sijui. Bunduki ya zamani ikifyatuliwa tupu, ile ncha haikuti kitu cha kuizuia, na chuma kinachoka, kinakatika. Wakati ule sikulijua jambo lile. Lakini nilijua kama niligusa kitu nilichokatazwa kugusa. Na wazee walipokaa kumwuliza mama, mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nikiwaletea maji ya kunywa.

Basi mjomba aliposema «nani amekivunjisha», ulizo lake lilikuwa na jibu. Jibu la kweli, lenye miguu miwili, limesimama karibu naye na kikombe mkononi. Kosa lake si kwamba aliuliza «nani». Aliuliza «nani alisema?» mahali pa kuuliza «nani aligusa?» Hapo ndipo naona uzito wa jambo lote. Tunapouliza nani alisema, tunaangalia mtu mwenye kinywa, mwenye malalamiko, mwenye njaa, mgeni katika ukoo. Tunapouliza nani aligusa, tunaangalia mwenye bunduki mwenyewe, watoto wake, uvivu wake wa kusafisha, mahali anapoweka kartushi. Ulizo la pili linaleta haya kwa mwenye nyumba. Ndiyo sababu halipendwi.

Nimezungumza haya na mzee mmoja ninayemheshimu sana. Akaniambia: «Wewe mwalimu, unataka kusema bakubwa betu balikuwa bajinga?» Nikamjibu: «Hapana, baba.» Na nilisema kweli, kwani aliponieleza zaidi nilijifunza kitu. Alisema mila ile, zamani, ilisimama kabla ya mawindo. Mtu hakutoka na ugomvi. Ilimlazimu kukaa na bibi yake, kusikia malalamiko yake, kutengeneza. Mwenye kula nyama peke yake alijua mawindo yatamkatalia. Yaani mwanamke alikuwa na nguvu: mwindaji alihitaji amani yake. Ona hekima ile! Kama mjomba angaliifuata, asubuhi ile asingalitoka. Angalikaa, angaliulizwa nyama ya juzi ilikwenda wapi.

Lakini hiyo haikufanyika. Mjomba aliiacha mila asubuhi, akaikumbuka jioni. Asubuhi ilikuwa inamdai yeye. Jioni ilimdai bibi yake. Nilipomwambia mzee hivyo, alinyamaza, akakuna kichwa, akasema: «Njo vile balianza kufanya.» Sijui aliwasema kina nani, wakati gani. Mimi naona wengi wetu tunaishika mila kwa mkia namna ile ile. Yenye kutulazimisha kugawa nyama tunaisahau, yenye kutupa mtu wa kushitaki tunaiita urithi wa mababu.

Wengine wataniambia: sawa, basi tuchunguze vyote viwili, chuma na watu, kila kimoja kwa zamu. Hapa nasimama imara: zamu si sawa. Chuma hakina haya. Ukikifungua, ukakuta ni kizima, unakifunga, unakipaka mafuta, hakuna aliyeumia. Mtu ukimfungua mbele ya baraza, ukakuta hana neno, huwezi kumfunga tena. Neno la ulozi halifutwi kama chaki. Mwanamke ataolewa mahali pengine, na neno litamfuata. Mtoto wake akigombana na wenzake, litatoka. Wazande wenyewe, wenye mkuki wa pili, hawakukubali mtu ajitetee kwa ulozi aliposema uongo, alipoiba au alipozini; hapo walimwambia ni kosa lako. Waliweka mpaka. Na inchi yetu imejaribu kuweka mpaka vilevile: Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Juu ya watoto, ni vizuri sana. Nikisoma kifungu kile kelasini, ninawafikiria pia mama zao.

Bunduki ile ilichukuliwa wakati wa vita ya 1998, hatukuiona tena. Mjomba alikufa baadaye bila kujua. Sikumwambia. Nilikuwa nimekwisha kuwa kijana, nikisoma, na kila mwaka nilijisemea: mwaka huu. Anayetaka kunihukumu anihukumu, nafasi ipo.

Mwaka 2011 nilikwenda Kindu kwa kazi ya masomo, nikamtafuta mama. Nilimkuta sokoni, karibu na Lualaba, anauza samaki wa kukauka. Alinitambua mbele yangu. Mtoto wa ile mimba alikuwa kijana mkubwa, anasukuma kinga za mizigo. Tuliketi. Nilimwambia yote: nyuma ya jikoni, nyundo, maji ya kunywa. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi, sikuyamaliza.

«Nilikuwa ninakusikia,» akasema. «Ka, ka, ka, siku nzima. Nilikuwa ninatwanga.»

Nikamwuliza: mama, kwa nini hukusema mbele ya wazee?

«Ningesema, wangesema mulozi sasa anamtupia mtoto. Halafu na wewe, mjomba wako angekuacha?» Akafukuza nzi juu ya samaki. «Ulikuwa na miaka mingapi?»

«Kumi na mbili.»

«Na yeye?»

Nikamjibu sijui sawasawa, pengine arobaini. Hakusema kitu kingine. Alichagua samaki wawili wakubwa, akavifungia katika jani, na hakutaka feza yangu.